"Sijui" si katikati: uzoefu wangu na mirt

Nilikuwa na dodoso la kupima uelewa wa ugonjwa: Kweli, Si kweli, Sijui. Baada ya kusahihisha, kila swali hubaki na Kosa, Sahihi au Sijui. Zamani Sijui niliipa alama ya katikati bila kuwaza mara mbili. Lakini nani kasema kutojua ni nusu ya kujua? Kosa na Sahihi zinapangika. Sijui inaelea, na pahala pake hapajulikani mpaka data iseme.

Ndipo nikaigeukia mirt, kifurushi cha bure cha R (programu ya takwimu) alichokitunga Phil Chalmers, cha modeli zinazokadiria kutokana na majibu kiwango cha kila mhojiwa, hapa uelewa wake. Modeli ya Samejima ya 1969 inataka majibu yote yawe yamekwisha kupangwa, kwa hiyo nikachagua "nominal", ile ya Bock ya 1972, ambayo hukadiria alama ya kila jibu.

Siku ya kwanza niliambulia patupu. Nilikuwa nimeandika 0 kwa Kosa, 1 kwa Sahihi na 9 kwa Sijui, mazoea ya watu wa dodoso. mirt ikaziba pengo, 9 ikawa 2, na ujumbe ilioutoa nikaupita bila kuusoma. Kumbe programu hufunga alama ya jibu la kwanza kwenye 0 na ya jibu la mwisho, kwa majibu matatu, kwenye 2. Yaani Sijui ndiyo niliyoikalisha kileleni! Alama ya Sahihi ikapaa, makosa sanifu (kipimo cha mashaka ya makadirio) yakafura. Uzembe wangu, maelezo ya kifurushi yanatahadharisha.

Nikabadilisha: Sijui 1, Sahihi 2. Mambo yakatulia, na katika maswali mengi Sijui ikaganda karibu na 0. Asiyejua alifanana na aliyekosea, wala hakuwa katikati. Yale maswali machache ambako ilisogelea 1 nimeyasoma tena na tena.

Ninacholalamikia ni maswali ya ngazi nne za kukubali pamoja na Sijui. Hakuna chaguo moja la kusema "hizi nne zipange, ile iache huru". Unaomba jedwali la vigezo vya modeli kwa pars = 'values', unafunga alama nne kwa mkono, swali baada ya swali. Inachosha, ila inafanya kazi.

Halafu kuna wale wanaopenda tu kusema Sijui, hata wakijua. Hao wanahitaji mwelekeo wa pili kwenye modeli, yaani sifa ya pili ya mhojiwa kando ya uelewa, na kwa idadi ya wahojiwa niliyonayo sijathubutu.