Kocha wa ndondi aliyepigana uzito wa kati: usiende kama unataka jasho tu

Watu wakitafuta kocha wa ngumi huuliza kwanza ana mikanda mingapi ya ubingwa. Huyu hana hata mmoja. Alipigana ngumi za kulipwa kwa miaka mingi, akastaafu bila kuonja pambano la ubingwa, sasa anafundisha. Kwangu hiyo ilikuwa sifa.

Uzito wa kati una ukatili wake. Kikomo ni pauni 160, kama kilo 72.5, na mtu wa uzito huo ana ngumi ya kukulaza chini huku miguu yake ingali myepesi. Ukitegemea nguvu peke yake utamkosa. Ukitegemea mbio atakufikia. Aliyedumu humo bila kuharibika uso kuna kitu anakijua.

Mfano ninaoupenda ni George Benton wa Philadelphia. Alianza ngumi za kulipwa mwaka 1949, na mwaka 1962 akamshinda Joey Giardello. Mwaka uliofuata aliyepewa nafasi ya kupigana na bingwa Dick Tiger ni Giardello huyohuyo, akautwaa mkanda. Benton hakupewa kamwe. Mwaka 1970 alipigwa risasi, na ulingo ukaishia hapo. Akaenda kujifunza ukocha kwa kocha Eddie Futch, akawa kwenye kona ya Joe Frazier, miongoni mwa wasaidizi wake, alipopigana na Muhammad Ali kule Manila mwaka 1975. Februari 1978 alikuwa na Leon Spinks, kijana mwenye mapambano saba tu ya kulipwa, siku Spinks alipomshinda Ali. Baadaye akawanoa Pernell Whitaker, ambaye kumpata kwa ngumi safi ilikuwa kazi ya kutwa nzima, na Evander Holyfield. Walionyimwa mkanda huwa na muda wa kufikiri, nadhani.

Kocha wangu ni wa shule hiyo. Mgeni hapigi begi mpaka miguu imekaa sawa. Anafunga kamba toka ukuta hadi ukuta, usawa wa bega lako, nawe unapita chini yake kushoto, kulia, kushoto, ukisogea mbele, raundi za dakika tatu na mapumziko ya dakika moja kama ulingoni. Ukiinama kwa kiuno badala ya kukunja magoti anakugonga utosini kwa pedi, ile ngao ya mkononi ya kupokelea ngumi, halafu anasema neno lake moja: “Magoti.” Mapaja yaliniuma hadi kushuka ngazi ikawa shughuli.

Pedi anashika mwenyewe, hamwachii msaidizi. Hapo ndipo pesa yako inapofanya kazi. Ukirusha ya kushoto ukasahau kurudisha mkono shavuni, pedi inakuja palepale penye uwazi. Haiumizi, inaaibisha. Na hapangi mfuatano wa ngumi za kukariri kama wimbo. Anakubadilishia umbali kila mara, ili ujifunze kuona kabla ya kupiga.

Kwenye usalama hana mchezo. Bandeji za mikono ni zile ndefu za mita 4.5, anazikagua kidole kwa kidole. Mazoezi ya kupigana ni kwa glavu za aunsi 16, ingawa mabondia wa uzito wake hupanda ulingoni na za aunsi 10. Wanaoanza hupigana mwilini tu, kichwa hakiguswi. Kuna jamaa mmoja mwenye misuli alitaka kumwonyesha mwenzake ubabe. Alishushwa ulingoni, akapewa kamba ya kuruka hadi kipindi kikaisha.

Sasa kero. Darasa la jioni linajaa kupita kiasi, na ukikaa nyuma unaweza kumaliza kipindi bila kushikiwa pedi hata mara moja. Glavu za kuazima zinanuka vibaya, na mbili nilizovaa zilikuwa zimekwisha sponji kwenye vifundo, jambo la ajabu kwa mtu mkali hivyo kwenye bandeji. Pia hasifii. Kama unahitaji kupigiwa makofi ili uendelee, utaondoka mapema. Anayetaka kupunguza tumbo kwa muziki na kelele naye atachoka na ile kamba ya ukutani.

Mimi nimehamia kipindi cha asubuhi, ambako mko wachache na zamu ya pedi inafika. Nenda na glavu zako.