Monita ya Mtumba Mwanza: Nunua Ile Inayojitambulisha kwa Kompyuta

Malalamiko ya wasomaji wa Mwanza na Ukerewe yanafanana: mtu amenunua monita ya inchi 24 yenye pikseli 1920 kwa 1080, akaifikisha nyumbani, kompyuta ikakubali 1024 kwa 768 tu, na picha ikatanuka hata herufi zikafifia. Muuzaji akiulizwa hudai kuwa kadi ya video ya mteja ndiyo mbovu, ingawa mara nyingi kadi hiyo ni nzima.

Sitazungumzia ukubwa wa kioo wala mng'ao wa rangi, kwa kuwa hayo utayaona mwenyewe dukani. Ninachosisitiza ni EDID, yaani kumbukumbu ndogo iliyomo ndani ya monita, ambayo sehemu yake ya msingi ni baiti 128 tu, lakini ndiyo inayoieleza kompyuta idadi ya pikseli, mara ngapi kwa sekunde picha ichorwe upya, na nafasi tupu kiasi gani iachwe kandokando ya picha. Kwa 1920 kwa 1080 katika hezi 60 (mara 60 kwa sekunde), kipimo kilichozoeleka, pamoja na nafasi hizo tupu, ni pikseli 2200 kwa mistari 1125, na hapo ndipo inapopatikana kasi ya kupeleka pikseli ya megahezi 148.5. Kumbukumbu hiyo isiposomeka, kompyuta hubahatisha. Katika waya wa VGA, ule wa zamani wa picha wenye safu tatu za pini, taarifa hizo hupitia pini ya 12 na ya 15, yaani ya pili na ya mwisho katika safu ya tatu, nazo ndizo zinazoachwa bila kuunganishwa katika baadhi ya nyaya hafifu. Pini ya 9 ikikosekana, kwa kawaida haina madhara.

Chaguo langu la kwanza, wala sifichi upendeleo wangu, ni Dell P2419H: ina matundu matatu ya kuingizia picha, HDMI, DisplayPort na VGA, hivyo njia moja ikigoma zinabaki mbili. HP E243 ina matundu ya aina hizo hizo, nami ningeichukua pale tu Dell inapokosekana. Ya tatu ni Dell U2412M, ambayo mistari yake 1200 inawafaa sana wanaoandika na kusoma nyaraka ndefu, ila haina HDMI. Ukiiunganisha kwa DVI ya kawaida, aina nyingine ya waya wa picha, ambayo kikomo chake ni megahezi 165, kumbuka kwamba vipimo vya zamani vya 1920 kwa 1200 huhitaji megahezi 193, ilhali vile vilivyopunguzwa nafasi tupu huhitaji 154 tu. Kwa hiyo anayepanga vipimo kwa mkono kwenye Linux aiongezee amri ya cvt, inayokokotoa vipimo hivyo, alama ya -r ili nafasi tupu zipunguzwe.

Runinga za inchi 32 zenye pikseli 1366 kwa 768 ziache zibaki runinga, hata kama zinapokea mawimbi ya 1080.

Kinachoniudhi ni wauzaji wanaopanga bei kwa inchi pekee, kisha wakauondoa waya uliokuja na monita ili wauuze kando, na mteja akaondoka na mwembamba usio na jina. Nenda na laptopu yako, fungua mipangilio ya skrini, uhakikishe jina la modeli, pikseli na hezi 60 vinaonekana kwa waya uleule utakaopewa. Jina la modeli lisipotokea, dai waya mwingine. Likigoma tena, usilipe. Modeli na muda wa kurudisha viandikwe kwenye risiti, kwani anayelazimika kuvuka tena ziwa kwa kivuko kwa ajili ya waya tu hulipa nauli ambayo hakuna muuzaji anayeirudisha.