Roketi ya hatua mbili: nusu iko rafuni, nusu iko kwenye mahindi ya watu

Seti hii siitaji jina wala kampuni, maana nina malalamiko nayo na sitaki kesi na mtu. Hutapungukiwa na kitu. Seti za roketi za hatua mbili (yaani sehemu mbili, moja juu ya nyingine, kila moja na injini yake) zinazouzwa huku Marekani kwa dola thelathini na kitu ni ndugu wa tumbo moja: mirija ya karatasi ngumu, pua ya plastiki, mapezi ya mbao laini ya balsa, parachuti ya plastiki nyembamba na karatasi ya maelezo iliyokunjwa mara nane. Yaliyonipata mimi yanaweza kukupata wewe.

Mimi ni mtu wa Malindi, naishi Iowa. Marehemu mzee wangu alikuwa na hadithi moja asiyochoka kuisimulia, ya Waitaliano na jukwaa lao la San Marco, lile lililosimama baharini Ghuba ya Ungwana. Kuanzia 1967 hadi 1988 roketi za Scout zilirushwa pale. Moja iliondoka tarehe 12 Desemba 1970 ikiwa na setilaiti ya kuchunguza eksirei za angani, na kwa kuwa siku hiyo Kenya ilikuwa inaadhimisha uhuru wake, setilaiti ikaitwa Uhuru. Mzee alidai kuna roketi aliyoiona kwa macho yake moto ukizimika, halafu ukawaka tena juu zaidi. Sisi watoto tulicheka tukasema hiyo ni chumvi ya wazee. Nimekuja kujua ukubwani kwamba Scout ilikuwa na hatua nne, na kwamba moto kuzimika na kuwaka tena ndiyo kazi yake yenyewe. Basi binti yangu wa miaka 11 alipoomba roketi, sikutaka ile ya kawaida ya injini moja. Nilitaka nione moto wa pili.

Hilo lilikuwa kosa la kwanza, na ni langu. Kama hujawahi kurusha roketi ya injini moja, anza na hiyo.

Sandukuni hamna injini. Imeandikwa, kweli, kwa herufi za kuhitaji miwani. Hamna jukwaa la kurushia wala kile kidude cha betri chenye ufunguo na kitufe. Kwa hiyo dola 34 zangu zilikaribia 90 kabla sijafungua gundi.

Kuhusu injini nitasema kwa urefu, maana hapa ndipo watu wanapoharibu. Ni mirija midogo ya karatasi yenye baruti iliyoshindiliwa, na kila moja ina maandishi kama C6-5. Herufi ni jumla ya nguvu iliyomo, na kila herufi upeo wake ni mara mbili ya iliyotangulia: B ni mbili za A, C ni mbili za B. Tarakimu inayofuata ni wastani wa msukumo kwa nyutoni, kipimo cha nguvu ya kusukuma. Ya mwisho ni sekunde za kungoja tangu msukumo uishe mpaka kibaruti cha mbele kilipuke na kuitoa parachuti. Sasa, injini ya sehemu ya chini lazima iishie na sifuri: C6-0, B6-0. Sifuri hiyo maana yake hakuna kungoja na hakuna kibaruti. Moto ukimaliza baruti unatoboa upande wa mbele, cheche na gesi ya moto zinaingia kwenye tundu la injini ya juu, nayo inawaka. Hakuna waya, hakuna kompyuta, ni moto kupokezana na moto.

Kijana wa dukani alinipa C6-5 pakiti mbili akisema zote ni sawa. Si sawa hata kidogo. Ukiweka C6-5 chini, roketi itapanda, itaishiwa nguvu, itaanza kugeuka, na ndipo kile kibaruti kitalipuka katikati yake sekunde tano baadaye. Kikiiwasha ya juu wakati pua inatazama chini, mko matatani. Nilirudi nikabadilisha.

Kujenga kulituchukua jioni nne. Hapo sina ugomvi mkubwa. Mirija ilikatwa vizuri na pua iliingia bila kulazimishwa. Gundi nyeupe ya mbao inatosha kila mahali. Pezi moja ndilo lililonichukiza: nyuzi za mbao zilikuwa zimelala upande usiofaa. Nyuzi zinatakiwa zifuate ukingo wa mbele wa pezi. Zikikatiza, pezi linavunjika kama biskuti, na letu lilivunjika mkononi wakati wa kulipiga msasa. Tulikata jingine kutoka kwenye kipande cha balsa cha dola mbili. Kwa bei ya seti hii, kampuni ingeweza kuangalia.

Kitu nilichokipenda ni kipande cha udongo wa kuchezea cha kuweka ndani ya pua. Binti alidhani ni zawadi yake. Kazi yake ni kuvuta uzito mbele, kwa kuwa injini mbili zinakaa nyuma na kuirudisha roketi iwe na mkia mzito. Kitovu cha uzito lazima kiwe mbele ya kitovu cha msukumo wa hewa, kwa kadiri ya unene wa mrija angalau. Tulipima kwa njia ya kizamani: weka injini zote mbili na parachuti ndani, funga uzi pale roketi inapojisawazisha, kisha izungushe juu ya kichwa. Ikitangulia pua, iko sawa. Yetu ilitangulia. Majirani walitazama, tukawapungia mkono.

Sasa kiungo. Karatasi ya maelezo ina kurasa nne. Ukurasa mzima na nusu ni wa rangi na stika, bendera iende wapi, mstari mwekundu uanzie wapi. Namna ya kuunganisha injini mbili imepewa sentensi moja na mchoro wa ukubwa wa kucha: "zifunge kwa utepe." Utepe gani? Raundi ngapi? Mimi nilichukua selotepu ya karatasi, ile ya mafundi rangi, nikazungusha raundi mbili. Ikawa nene, injini zikagoma kuingia kwenye mrija wa chini. Nikabandua yote, nikazisukuma zikagusana, nikajiambia zimebanana zenyewe.

Tulirusha kwenye uwanja wa mpira wa bustani ya mji, kwa ruhusa, mwishoni mwa Agosti, saa moja na nusu asubuhi kabla upepo haujaamka. Sheria ya Marekani haidai kibali cha anga kwa roketi ya karatasi na mbao isiyozidi gramu 1,500 yenye baruti isiyozidi gramu 125, na yetu haikufika hata gramu 150 pamoja na injini zake. Kanuni za chama chao cha taifa cha roketi ndogo, kilichoanzishwa 1957, zinasema simama mita 5 kwa injini za namna hii, na roketi isipowaka ngoja sekunde 60 kabla ya kuisogelea. Sisi tulisimama mita 10, kwa woga wangu.

Binti alihesabu. Moto, moshi, ikapanda wima vizuri sana. Moto ukaisha. Sehemu ya chini ikajitenga, ikaanguka. Ya juu ikaendelea kimya, ikapungua mwendo, ikasimama angani kama mtu aliyesahau alichofuata chumbani, ikageuka. Injini haikuwaka, na injini isiyowaka haina wa kuitoa parachuti. Ilishuka kama mshale, pua ikazama ardhini vidole vinne, mrija ukakunjamana. Hatukuwa karibu, lakini nilimvuta binti hata hivyo.

Nikaja kuelewa kilichotokea: gesi ilipotoboa mbele, ilizisukuma injini zikaachana kabla cheche hazijafika. Dawa yake ni selotepu ya kawaida, ile nyembamba ya kung'aa, raundi moja tu kuzunguka pale injini zinapokutana. Inazishika kwa ule muda wa kufumba jicho unaohitajika, moto ukishapita inaungua na kuachia. Sentensi mbili. Wangeziweka mahali pa stika.

Jambo lingine wasilolisema: injini ya juu lazima ibane kwenye mrija wake. Hapa ndipo ile selotepu ya mafundi rangi inafaa, mkanda mmoja kuzunguka injini. Ikilegea, kibaruti kitaitoa injini yenyewe nyuma badala ya kuitoa parachuti mbele, nawe utavuna mshale mwingine. Na parachuti ipake poda ya mtoto kabla ya kuikunja, la sivyo plastiki inagandamana na kubaki tonge.

Tulikata sehemu iliyokunjamana, tukaunga mrija, tukarudi Jumamosi iliyofuata na injini ndogo kwa makusudi: B6-0 chini, A8-5 juu.

Ile ya pili, jamani. Fyuuu, moto ukakatika. Nikasema moyoni, yale yale. Kisha "paf!" ndogo, na moto mwingine juu ya ule wa kwanza, mwembamba, ukiondoka kwa kasi kuliko mwanzo kwa vile mzigo umepungua. Ya chini ilirudi ikipinduka-pinduka kama jani la mkungu. Haina parachuti na haiihitaji: ni nyepesi na fupi, hewa inaizungusha tu, ikatua kwenye nyasi bila mkwaruzo. Ya juu ikafungua mwavuli wake wa chungwa. Binti aliruka akipiga makofi. Mimi nilibaki nimetazama juu, namfikiria mzee na kicheko chetu.

Ningeishia hapo ningekuwa na roketi nzima leo. Lakini pakiti ya C6-0 ilikuwa imeshanunuliwa, na nyuma ya sanduku wameandika futi 1,600. "Baba, twende mpaka mwisho," nami nikakubali. C6-0 chini, C6-7 juu.

Ilifika huko, au karibu. Siwezi kuthibitisha kwa sababu hatukuiona tena baada ya moto wa pili. Roketi nyembamba kama mpini wa fagio, kwa mita mia nne na zaidi, kwenye anga jeupe la asubuhi, ni kuitafuta sindano. Moshi ulionyesha kwamba ilikuwa imeinama kidogo kuelekea upepo, na hilo ndilo la kuogopa kwa hatua mbili. Mwinamo mdogo wa hatua ya kwanza unakuwa safari ndefu ya hatua ya pili. Binti ndiye aliyeona nukta ya chungwa, mbali, ikishuka taratibu kwenye shamba la mahindi ng'ambo ya barabara.

Mahindi ya Iowa mwezi Agosti yanampita mtu kimo. Nilimwomba mwenye shamba, mzee mmoja mpole, akacheka akasema tuingie. Nimekulia kwenye mahindi, nikadhani nayajua. Haya hayana mwisho, mistari imenyooka na kufanana, ukigeuka mara mbili hujui ulikotoka. Saa mbili nzima, mikono imechanwa na majani, tulitoka na kopo la soda la mtu mwingine.

Ushauri kwa atakayenunua: nunua, lakini badilisha parachuti na utepe mrefu wa kung'aa, unaoshuka haraka bila kupeperushwa mbali. Ziache injini za C mpaka upate uwanja mkubwa kweli. Na injini usijaribu kuzitengeneza mwenyewe. Mchezo huu ulianza kwa mwenye duka la viatu wa Norfolk, Nebraska, jimbo jirani na hapa, Orville Carlisle, mwaka 1954. Alimtengenezea nduguye kiroketi cha kuonyeshea watu katika mihadhara yake, na injini za kununua zilipendwa kwa sababu vijana walikuwa wakijiumiza kwa baruti za kujichanganyia. Injini zetu zilikuwa za kampuni ya Estes, na zote sita ziliwaka zilipofikiwa na moto, ukiacha ile niliyoinyima selotepu. Ziada moja nzuri: kila pakiti ina viwashio vyake, na kwa kuwa injini ya juu haihitaji kiwashio, vinabaki vya akiba.

Kwa wapwa zangu wa Malindi walioniandikia niwaletee Desemba: roketi tupu naweza kuibeba, injini haziruhusiwi ndani ya ndege, si begi la mkononi wala la mizigo. Msinilaumu.

Malalamiko ya mwisho ni ya biashara. Niliiandikia kampuni nikiomba kununua sehemu ya juu peke yake. Hawaiuzi, ni seti nzima au basi. Nimenunua seti nzima. Pezi moja lina nyuzi zilizolala vibaya tena.

Kwa hiyo sasa nina sehemu mbili za chini na moja ya juu. Jana usiku binti alizipanga zote tatu juu ya meza, moja juu ya nyingine, akarudi nyuma kutazama, akaniuliza ile ya babu ilikuwa na ngapi.