Darasa la mikataba ya Ulaya, Ngamiani, Tanga: linafaa ada yake

Katika mtaa mmoja wa Ngamiani, jijini Tanga, kuna darasa la watu wazima linalofanyika Jumamosi alasiri chini ya mwalimu mstaafu wa sekondari, na muhula uliomalizika hivi karibuni ulihusu mikataba ya kimataifa iliyoijenga Ulaya, ikaivunja na kuijenga upya. Ada ni shilingi 5,000 kwa kila kipindi, na ndani ya fedha hiyo mwanafunzi hupewa nakala ya kivuli ya vifungu vinavyosomwa siku hiyo, ambavyo mwalimu amevitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili. Nimesoma muhula wote, na nasema bila kusita kwamba sijapata kuona hapa mjini huduma ya elimu kwa watu wazima inayomheshimu mwanafunzi kiasi hiki.

Ubora wake mkubwa ni kwamba mkataba unasomwa wenyewe, kifungu baada ya kifungu, kabla ya mtu yeyote kuruhusiwa kutoa maoni. Wengi wetu tulifundishwa shuleni kwamba Amani ya Westphalia ya mwaka 1648, iliyomaliza Vita vya Miaka Thelathini, ndiyo iliyozaa mfumo wa mataifa huru barani Ulaya. Mwalimu alitupa vifungu akatuomba tumwonyeshe mahali palipoandikwa hivyo, na hatukupaona. Tulichokikuta ni hesabu za watu waliochoka kupigana: Sweden ilipwe fidia ya thaler (sarafu za fedha) milioni 5, wakuu wa Ujerumani wawe na haki ya kufanya ushirikiano na mataifa ya nje ilimradi usimlenge Kaisari, mtawala mkuu wa dola yao, na mwaka 1624 uwe kipimo cha kuamua kanisa na mali yake ni vya Wakatoliki au vya Waprotestanti, kwa kuangalia nani alikuwa navyo mwaka huo. Kipimo hicho cha mwaka 1624 kilituchukua karibu kipindi kizima, na kilistahili, kwa maana kinaonyesha jinsi wajumbe wa Münster na Osnabrück, miji miwili ya Ujerumani ambamo amani hiyo ilijadiliwa, walivyotambua kwamba suala la nani ana imani ya kweli halitaamuliwa mezani, wakaamua badala yake kuchagua tarehe ambayo kila upande ungeweza kuivumilia. Mfumo wa mataifa huru ulikuja polepole baadaye, na watu wa baadaye ndio waliorudi nyuma na kuupa mwaka 1648 heshima ya kuwa mwanzo wake.

Kipindi cha Vienna na Versailles nacho kilikuwa kizuri, hasa kwa kuwa mikataba hiyo miwili ilisomwa sambamba. Mwaka 1815, siku 9 kabla ya vita vya Waterloo, mataifa yaliyokuwa yamemshinda Napoleon mwaka 1814 yalitia saini waraka wa Vienna huku Ufaransa iliyoshindwa ikiwa na mjumbe wake, Talleyrand, ndani ya mazungumzo. Mwaka 1919, ulipoandaliwa Mkataba wa Versailles baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, wajumbe wa Ujerumani hawakushirikishwa katika mazungumzo ya Paris, bali waliitwa kupokea maandishi yaliyokwisha kuandaliwa, kikiwamo kifungu cha 231 kilichoibebesha nchi yao na washirika wake dhamana ya hasara zote za vita. Miaka miwili baadaye deni likatajwa kuwa marki za dhahabu bilioni 132. Mwalimu hakutaka tuhitimishe haraka kwamba mkataba huo peke yake ndio ulioleta vita vya mwaka 1939, na nadhani alifanya vyema, kwa sababu kuna mdororo wa uchumi wa dunia na maamuzi mengi ya wanasiasa kati ya tarehe hizo mbili.

Hata hivyo, kipindi kilichonifanya niamue kuandika tathmini hii ni kile tulichotoka nje, tukaenda kwa miguu hadi Raskazone, pwani ya mji wetu. Hoja ya mwalimu ilikuwa kwamba vita vya Tanga vya Novemba 1914, kati ya Waingereza na Wajerumani waliotawala hapa, haviwezi kueleweka bila karatasi mbili zilizoandikwa Ulaya. Ya kwanza ni Mkataba wa London wa mwaka 1839, ambao Uingereza, Ufaransa, Austria, Prussia na Urusi ziliahidi kulinda hali ya Ubelgiji ya kutoegemea upande wowote. Ujerumani ilipoivamia Ubelgiji tarehe 4 Agosti 1914, Uingereza iliushika mkataba huo na kuingia vitani. Ya pili ni Hati ya Berlin ya mwaka 1885, iliyofungua njia kwa makoloni yaliyo ndani ya eneo la biashara huria la bonde la Kongo, ambalo mipaka yake ilinyooshwa hadi pwani yetu, kuwekwa nje ya vita vya Ulaya. Lakini tulipokisoma kifungu chenyewe tuliona udhaifu wake papo hapo: kilihitaji ridhaa ya pande zote zinazopigana, na ridhaa hiyo haikupatikana.

Kulikuwapo pia makubaliano ya muda ya kutoshambulia bandari, yaliyofikiwa Agosti kati ya wanamaji wa Uingereza na watawala wa Kijerumani. Tarehe 2 Novemba manowari ya Uingereza iitwayo Fox iliingia bandarini kutangaza kwamba makubaliano hayo yamekwisha na kuutaka mji ujisalimishe. Tukiwa tumesimama tunaitazama bahari, mwalimu alitueleza jinsi uungwana huo ulivyowagharimu waliouonyesha: wakati ulipatikana wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani, kuteremsha askari wake kwa reli ya Usambara, na kikosi cha watu wapatao 8,000 kilicholetwa kutoka India kikashindwa na askari wapatao 1,000, wengi wao Waafrika, kisha kikarudi melini tarehe 5. Nimekulia katika mji huu nikisikia habari za nyuki waliowashambulia askari siku ile, lakini sikuwahi kuelezwa kwa nini vita vyenyewe vilifika hapa.

Kutoka hapo tulirudi darasani kusoma kifungu cha 119 cha Versailles, ambacho ni sentensi moja: Ujerumani inaachia, kwa manufaa ya Mataifa Makuu yaliyoshirikiana vitani, haki zake zote juu ya milki zake za ng'ambo. Mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi reli alinyanyua karatasi yake.

"Mwalimu, samahani, hapa sisi tumetajwa wapi?"

"Mzee wangu, soma tena taratibu. Ukiliona jina la Tanga, au la Dar es Salaam, utuambie."

Mzee aliisoma tena kwa sauti, mpaka nukta ya mwisho. Kwa sentensi hiyo, pamoja na mapatano yaliyofuata, Tanganyika ikawa chini ya udhamini wa Uingereza, Rwanda na Burundi zikaenda kwa Ubelgiji, na kipande cha Kionga kusini mwa mto Ruvuma kikapewa Ureno.

Mapungufu yapo, na ni haki yasemwe. Ulaya ya baada ya mwaka 1945 ilikimbizwa mno. Mkataba wa Paris wa mwaka 1951 uliounganisha makaa ya mawe na chuma vya nchi 6, Mkataba wa Roma wa mwaka 1957 ulioanzisha Jumuiya ya Uchumi ya Ulaya, wa Maastricht wa mwaka 1992 ulioanzisha Umoja wa Ulaya, na kifungu cha 50 cha Mkataba wa Umoja wa Ulaya ambacho Uingereza ilikitumia kutoka katika Umoja wa Ulaya mwaka 2020, vyote vilibanwa katika kipindi kimoja, na sisi tulioketi nyuma tukaishia kunakili tarehe. Linalonisikitisha zaidi ni kwamba Mkataba wa Arusha wa mwaka 1969, kati ya Jumuiya ya Uchumi ya Ulaya na nchi za Afrika Mashariki, haukutajwa kabisa, ingawa ungetusaidia kuelewa kwa nini mwaka 2016 Tanzania ilikataa kutia saini mkataba wa ubia wa kiuchumi na Umoja wa Ulaya. Ramani iliyobandikwa ukutani ni ya Ulaya ya leo, hivyo Prussia na Austria-Hungaria zilibaki za kufikirika tu. Chumba kina pangaboi moja, na nakala nyingine zilikuwa zimefifia kiasi cha kutosomeka.

Nimemweleza mwalimu haya yote, naye ameahidi kuugawa muhula ujao sehemu mbili, ya pili ianzie mwaka 1945. Wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita wanaruhusiwa kuhudhuria kwa nusu ya ada, na ningependa wazazi wa Tanga wawapeleke. Anayekusudia kwenda afike mapema, maana viti hujaa kabla ya saa kumi, na achukue kalamu ya kupigia mistari, kwa kuwa kila kipindi huanza kwa kusoma.