Kasha zima, gitaa vipande viwili: namna ya kuchagua kasha gumu la gitaa la umeme

Tulitoka Dar kwenda kupiga harusi Dodoma. Gitaa langu, lile lenye umbo la Les Paul (mtindo maarufu wa kampuni ya Gibson), lilisafiri kwenye buti la basi ndani ya kasha jeusi la plastiki ambalo nilikuwa nimelinunua kwa majivuno makubwa. Tuliposhuka nikalikagua kasha kwanza. Halikuwa na mkwaruzo, na makomeo yote yalikuwa yamefungwa. Nikafungua. Kichwa cha gitaa kilikuwa kimelala ubavu, kinaning'inia kwenye nyuzi kama kuku aliyechinjwa vibaya. Utingo akachungulia juu ya bega langu, akasema, "Lakini boksi lako zima, kaka." Kweli lilikuwa zima.

Tangu siku ile siulizi tena kama kasha ni gumu. Karibu kila kasha la dukani litahimili kugongwa na begi la mwanafunzi. Siku hizi nauliza mambo mawili: humo ndani gitaa limeshikwa wapi, na kasha lenyewe limeungwa vipi? Ndivyo nilivyopanga hapa chini, kwa hiyo usishangae ukikuta jina kubwa limekaa chini ya kazi ya seremala wa mtaani.

Kinachovunja gitaa

Shingo za Les Paul na SG za Gibson huchongwa kwa mahogani, na kichwa kimelazwa nyuma kwa digrii 17 hivi. Ili kukipata kichwa kwa pembe hiyo kutoka ubao mmoja, nyuzinyuzi za mti hukatwa mshazari palepale nyuma ya nati, kile kipande chembamba nyuzi zinapopita kuingia kichwani. Hapohapo pia ubao umechimbwa ili fundi aifikie fito ya chuma ya kunyooshea shingo. Yaani sehemu nyembamba kuliko zote ndiyo imetobolewa. Juu ya hayo, seti ya kawaida ya nyuzi, zile ambazo uzi wa kwanza ni wa unene namba 10, inaivuta shingo kwa nguvu ya karibu kilo 45 usiku na mchana.

Sasa kasha lianguke chali. Linafika sakafuni na kusimama ghafla, na mwili wa gitaa unasimama nalo. Kichwa, chenye vigingi sita vya chuma vya kukazia nyuzi, bado kinataka kuendelea na safari. Kinavunjika bila kuguswa na kitu chochote, na kasha linabaki linang'aa kama langu.

Stratocaster na Telecaster za kampuni ya Fender ni wavumilivu zaidi. Kichwa chake kinakwenda sambamba na shingo, shingo ni ya ubao mgumu mweupe, na imefungwa mwilini kwa skrubu nne. Ikiharibika kabisa unaagiza nyingine na kuifunga mwenyewe. Mwenye gitaa la namna hiyo anaweza kushuka daraja moja katika orodha yangu na asijute. Mwenye Les Paul, au nakala yoyote yenye kichwa kilicholala, asishuke.

Dukani, kabla hujatoa hela

Nenda na gitaa lako. Muuzaji akikwambia "hili linaingia magitaa yote", elewa kwamba halikutengenezwa kwa ajili ya gitaa lolote. Lilaze ndani, kisha pitisha karatasi chini ya kichwa. Karatasi ipite bila kukwama, kwa kuwa kichwa hakitakiwi kugusa chini wala pembeni. Halafu jaribu kuipitisha chini ya shingo, karibu na nati. Hapo ikwame: shingo iwe imekalia kitu. Funga kasha, lisimamishe, litikise taratibu huku umeweka sikio karibu. Ukisikia "du" ndogo, gitaa linacheza ndani, na kwenye barabara ya matuta hiyo du itajirudia mara elfu.

Baada ya hapo fungua, shika kona mbili za mfuniko zinazokabiliana na ujaribu kuupinda kama unayekamua nguo. Hapa ndipo kasha la bei ya chee linapojianika. Kasha likibanwa na masanduku mengine, kinachoachia kwanza ni mdomo wake, yaani pale mfuniko unapokutana na chini. Mdomo uliozungushiwa ukanda wa alumini wenye mfereji, ili upande mmoja uingie ndani ya mwingine, hauteguki kirahisi. Midomo miwili ya plastiki iliyoegemeana tu hupishana, komeo likaruka, gitaa likamwagika.

Bawaba nazo. Moja ndefu iliyokwenda karibu upande mzima inashinda tatu fupi, na ribiti inashinda skrubu, kwa sababu skrubu iliyokamatia ubao mwembamba hulegea kila basi linapotetema. Mpini uvute kwa nguvu, muuzaji akununie akitaka. Kama unaona ukuta wa kasha unavimba ulipofungwa, basi ndani hamna bamba la chuma la kuupokea uzito, na siku moja utabaki na mpini mkononi.

Mwisho, fungua kile kijisanduku cha kuwekea waya na mikanda, utafute mahali ubao umekatwa ukaachwa wazi. Ukiona matabaka, hiyo ni plaiwudi. Ukiona unga wa kahawia uliogandishwa kama keki kavu, hiyo ni MDF, na mimi hapo huaga.

Nafasi ya kwanza: Hiscox Liteflite

Haya hutengenezwa Uingereza, na kwa kuyatazama hayatishi. Ganda la nje ni plastiki ya ABS nyembamba tu. Siri ni kwamba povu gumu la poliyurethani limegandishwa moja kwa moja kwenye ganda hilo, vikawa kitu kimoja, na mdomo mzima umezungushiwa alumini. Kampuni yenyewe hujigamba kwamba kasha linahimili kubanwa na uzito wa kilo 500. Mimi sijalipandishia ng'ombe, lakini nimelikalia na mpiga besi wetu akalikalia, na yeye si mtu mdogo.

Limechukua namba moja kwa sababu povu hilo linafanya kazi mbili, kulipa ganda ubavu na kulishika gitaa, na humo ndani limechongwa kwa umbo. Agiza la umbo la gitaa lako hasa. Tena ni jepesi, unatembea nalo kutoka kituoni hadi ukumbini bila kubadilisha mkono kila nguzo ya umeme. Kwao huuzwa zaidi ya pauni 100. Ongeza usafiri na ushuru, halafu kaa chini.

Nafasi ya pili: SKB iSeries

Hili ni la anayepanda ndege. SKB ni Wamarekani wa California, na kasha lao la 3i-4214 ni mstatili wa plastiki nzito ya polipropilini, lina mpira mdomoni wa kuzuia maji na kidude cha kupumulia ili hewa isilibane huko juu. Makomeo yake hayachomozi, kwa hiyo mkanda wa mizigo wa uwanja wa ndege hauna pa kuyanyakulia. Kwa ganda peke yake lingekuwa la kwanza. Nimelishusha kwa sababu ya uzito, kilo 7 hivi likiwa tupu, na kwa sababu mstatili ni adha kwenye bodaboda na adha kubwa zaidi kwenye daladala.

Kwa wenzetu wanaokwenda kupiga hotelini Dubai au Muscat, pima urefu, upana na kimo, ujumlishe. Mashirika mengi ya ndege huweka mpaka wa sentimita 158 kwa mzigo wa kawaida, na makasha ya gitaa huzunguka palepale kwenye mpaka. Uzito haukusumbui: gitaa la kilo 4 na kasha hili havikaribii kilo 23. Vile vitasa vinavyoweza kufunguliwa na wakaguzi kwa ufunguo wao vina maana hasa ukielekea Marekani. Sehemu nyingi kwingineko ni kitasa tu.

Ukinunua huko huko, jiandae kwa zaidi ya dola 250.

Nafasi ya tatu: plaiwudi iliyokunjwa

Makasha ya zamani yenye ngozi bandia nje na manyoya laini ndani, kama ya kampuni za TKL au G&G na yale yanayokuja na magitaa ghali ya Gibson na Fender. Angalia mgongo wa mfuniko. Ukiwa umevimba kama mgongo wa kobe, plaiwudi imekunjwa kwa kubanwa, na umbo hilo huusambaza uzito kama kuba ya msikiti. Mfuniko bapa wa ubao uleule hubonyea katikati, juu ya daraja la gitaa, pale nyuzi zinapokalia mwilini.

Udhaifu wake ni maji. Mvua ya masika ikilikuta kwenye keria, gundi ya matabaka hulainika, na ngozi bandia huanza kuchanika kwenye kona. Lakini tabaka likiachia, seremala analirudisha. Plastiki ikipasuka imepasuka. Ukipata kuukuu la namna hii kwa mtu anayeuza vyombo, mdomo wake ukiwa haujapinda, usilale ukisubiri kesho.

Nafasi ya nne: la kuagiza kwa fundi

Pale palipo na watu wa kukodisha spika na jukwaa, hapakosi fundi wa masanduku ya vyombo, yale yenye kona za chuma za mviringo na makomeo ya kipepeo. Ganda lao ni plaiwudi iliyovikwa plastiki, kingo ni alumini, na ribiti ziko kila mahali. Ugumu wake hauna mjadala. Litaishi kuliko bendi. Tatizo ni ndani. Fundi amezoea spika, na spika haina shingo. Ukimwachia, atajaza sponji ya godoro, ambayo baada ya miezi sita imelala kama chapati.

Kwa hiyo usimpelekee vipimo, mpelekee gitaa. Mchoree kwenye karatasi umbo la mwili, onyesha shingo ikalie wapi na kichwa kielee wapi, na udai sponji ngumu ya tabaka. Ukimsimamia vizuri, kasha hili linapanda hadi nafasi ya pili. Usipomsimamia linaporomoka hadi chini kabisa, isipokuwa uzito wake tu, ambao haubadiliki: kulibeba ni kazi ya watu wawili au mtu mmoja mwenye hasira.

Nafasi ya tano: plastiki ya kumiminwa

Gator wa Florida ndio wanaojulikana zaidi kwa haya, na GC-Electric-A yao huuzwa kwao zaidi ya dola 100. Ganda ni ABS lenye mdomo wa alumini, ndani kuna sponji na manyoya. Ni kasha la heshima kwa mwenye Stratocaster anayetoka nyumbani kwenda kanisani na kurudi. Ninachokishuku ni kwamba limechongwa kuwapokea wengi, Strat na Tele pamoja, kwa hiyo kila gitaa linabakiwa na nafasi ya kuchezea. Nafasi hiyo unaweza kuiziba mwenyewe. Lakini ya bei ya chini zaidi, yasiyo na jina, ambayo mdomo wake ni plastiki tupu, yapindishe kama nilivyoeleza uone yanavyocheka.

Za mwisho mbili

Makasha ya sponji iliyokazwa na kushonewa kitambaa cha turubai, yenye zipu, ni mepesi na mazuri kwa mwanafunzi. Ukiweka kitu kizito juu yake, uzito unafika kwa gitaa. Na kasha bapa la MDF lililopigwa misumari ya pini na kuvikwa ngozi bandia, hata likiwa la bure, litumie kuhifadhia nyaya.

Nimeacha pembeni Calton, makasha ya faibaglasi yaliyoanzia Uingereza na sasa hutengenezwa Austin, Texas, kwa vipimo vya gitaa lako. Ujenzi wake unayapita yote niliyotaja. Bei yake inapita dola 1,000, yaani inayapita pia magitaa ya karibu kila ninayemjua.

Chumvi, jua na bitana

Anayekaa Mombasa, Tanga au Unguja aangalie komeo kabla ya ganda. Komeo la chuma lililopakwa rangi ya fedha huota kutu mwaka wa kwanza, na ukilazimisha linang'oka na ribiti yake. Kasha linaloziba kabisa nalo lina mtego: ukiweka gitaa limelowa jasho la ukumbini, umelipika. Lifute, acha kasha wazi kwa dakika chache, na tupia zile pakiti ndogo za kunyonya unyevu zinazokuja kwenye viatu vipya. Usiliache ndani ya gari juani, hasa likiwa jeusi.

Bitana ya manyoya laini haina shida. Mpira na plastiki laini vinavyogusa gitaa ndivyo vya kuogopa kama gitaa limepakwa vanishi ya nitroselulosi, kama Gibson nyingi: vanishi hulainika na kushika alama. Magitaa mengi ya bei nafuu yana vanishi ya poli, yaani ya plastiki, na hayo hayajali.

Langu nililibandika kwa gundi ya mbao na vibanio usiku mzima, na linapiga mpaka leo. Sasa linalala kwenye kasha la plaiwudi lenye mgongo wa kobe nililolipata kwa mkongwe mmoja wa dansi aliyeacha kupiga. Chini ya shingo, sentimita chache kabla ya nati, nimeweka kipande cha kandambili nilichokikata kwa wembe na kukizungushia fulana ya pamba. Karatasi inapita chini ya kichwa. Chini ya shingo inakwama.