Masta ya saikolojia ya jinai nikiwa Kampala: uzoefu wangu

Nimekulia kambi ya polisi ya Nsambya, ambako tuliamrishwa, tukagombezwa na kucheza mpira kwa Kiswahili. Siku hizi nafanya kazi na mahabusu katika ofisi ya msaada wa kisheria, na nimemaliza masta ya saikolojia ya jinai kwa njia ya mtandao, katika chuo kimoja cha Uingereza. Miaka miwili. Ada ya muhula wa mwisho ilikula pikipiki yetu, na mke wangu hajasahau.

Vipindi vilianza saa kumi na mbili jioni kwao; wakati wa baridi hiyo ni saa tatu usiku kwetu. Umeme ukikatika unamalizia kwenye simu, na bando linakwisha mwalimu akiwa katikati ya takwimu. Takwimu zenyewe nilifaulu, tuishie hapo.

Kilichorudisha pesa yangu ni somo la mahojiano. Tulisoma jaribio la Elizabeth Loftus na John Palmer la mwaka 1974. Wanafunzi walionyeshwa filamu za ajali za magari, kisha wakaulizwa magari yalikuwa yakienda kasi gani. Walioulizwa "yalipobamizana" walikadiria wastani wa maili 40.5 kwa saa. Walioulizwa "yalipogusana", 31.8. Ajali zile zile, neno tu limebadilika. Wiki ile ile nikiwa gereza la Luzira nikajisikia namuuliza kijana, "Ulimpiga na nini?" Hakuwa amesema kwamba alimpiga mtu. Nikanyamaza, nikaanza upya: "Hebu nieleze siku ile ilivyokwenda." Akaanzia asubuhi, na chai aliyokunywa kwa shangazi yake, akaongea kama dakika ishirini. Kalamu yangu ilishindwa kumfuata. Miaka yote niliyofanya kazi hii, sijui ni wangapi niliwawekea maneno mdomoni.

Penye udhaifu ni vipimo. Vingi vimetengenezwa Ulaya na Amerika Kaskazini. Orodha ya Robert Hare ya kupima usaikopathi, yaani tabia ya kutowahurumia wengine wala kujuta, kwa mfano, ilitokana na wafungwa wa Kanada. Dodoso moja nililotumia linauliza kama unasikia sauti ambazo wengine hawazisikii. Mzee mmoja akanijibu, "Ndiyo, ya babu," kwa utulivu kama anayemtaja jirani. Kwenye karatasi hiyo ni alama ya ugonjwa. Kwao ni babu. Nilipompelekea msimamizi wangu swali hilo, aliniambia niliweke kwenye sehemu ya mapungufu ya utafiti. Mistari mitatu, basi.

Sheria nayo ni ya Uingereza. Kanuni ya M'Naghten ya 1843, ya kuamua kama mshtakiwa alikuwa na wazimu alipotenda, niliijua hadi nikaota, na inasaidia, maana utetezi wa wazimu katika sheria zetu umetokana nayo. Lakini nani angenifundisha kinachofuata hapa, pale mtu anapoonekana alitenda bila akili timamu, halafu anakaa kizuizini akingoja amri ya Waziri? Mwaka 2015 jaji wa Mahakama Kuu alisema amri hiyo itoke mahakamani. Hayo nilijisomea mwenyewe, pamoja na Sheria ya Afya ya Akili ya 2018.

Usitegemee cheo pia. Hata Uingereza masta peke yake haikufanyi mwanasaikolojia wa jinai. Jina hilo linalindwa na sheria, na unahitaji mafunzo zaidi ya kazi chini ya msimamizi. Kama huna tayari kazi inayokukutanisha na watuhumiwa, pesa yako itakuuma.

Na tasnifu: chuo kilipitisha utafiti wangu, nikadhani yamekwisha. Hapa unahitaji pia kamati ya maadili ya ndani, usajili wa Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, na ruhusa ya Magereza. Hakuna aliyenidokeza. Miezi minne ilipotea nikizungusha bahasha kwa boda. Wewe anza muhula wa kwanza.