Kusaka hadithi za safari za wakati na historia mbadala mtandaoni: uzoefu wangu

Andika "hadithi za kusafiri katika wakati" kwenye injini yoyote ya utafutaji uone kitakachokuja: filamu, vitabu vilevile vichache ambavyo kila mtu keshavitaja, halafu maduka. Ukiongeza "historia mbadala" mambo yanazidi kuwa mabaya. Mimi napenda aina zote mbili. Ya kwanza ni ile ambayo mtu anang'olewa katika wakati wake na kutua kwingine. Ya pili haina msafiri kabisa, ila historia yenyewe imekata kona mahali fulani na dunia ikashika njia nyingine. Karibu zote nimezisomea kwenye simu, nyingi bila kulipa chochote, na kilichonifikisha kwenye nzuri si nyota za wasomaji. Ni kutafuta kwa tukio lililogeuzwa.

Hapo ndipo Uchronia ilipoingia. Ni tovuti iliyoanza miaka ya 1990 na kazi yake ni moja tu: kuorodhesha hadithi na insha za historia mbadala. Ziko maelfu. Ukurasa ninaourudia kila mara ni ule unaozipanga kwa tarehe ambayo historia ilichepuka, si kwa tarehe ya kuchapishwa. Unashuka tangu enzi za kale hadi karne ya 20, na kwenye kila mwaka unakuta nani aligeuza nini. Kwa mara ya kwanza niliweza kusema: nataka hadithi ambayo Napoleon hakushindwa, au ambayo Roma haikuanguka, nikapewa majina badala ya matangazo.

Orodha kama hii inakuonyesha pia kwamba mchezo huu ni wa kale mno. Mwanahistoria wa Roma, Livy, katika kitabu cha tisa cha historia yake, anaacha masimulizi na kujiuliza ingekuwaje kama Aleksanda Mkuu angegeuka magharibi akapigana na Warumi. (Jibu lake unalijua kabla hujasoma, alikuwa Mrumi.) Mwaka 1836 Mfaransa Louis Geoffroy akatoa kitabu kizima ambamo Napoleon anaiteka dunia. Na mwaka 1931 Winston Churchill, kabla hajawa waziri mkuu, aliandika insha kana kwamba anaishi katika dunia ambayo majimbo ya Kusini ya Marekani yalishinda vita vya wenyewe kwa wenyewe, akawa anawaza ingekuwaje kama yangeshindwa.

Sasa tahadhari mbili. Uchronia inakuambia hadithi ipo. Haikupi hadithi yenyewe. Utaondoka na jina, mwandishi na mahali ilipochapishwa, kisha ukahangaike. Pili, orodha inafuata kile ambacho waandishi wameandika, na waandishi wengi wameganda kwenye vita viwili: vita vya pili vya dunia na vile vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Ukifika miaka ya 1860 na 1940 majina yanarundikana. Mimi nilijiwekea utaratibu wa kuiruka miaka hiyo kabisa na kusoma iliyopungukiwa. Mwandishi aliyechagua mwaka usiozoeleka mara nyingi amelazimika kuusoma mwaka huo vizuri.

Kwa kuhangaika huko natumia ISFDB, hifadhidata ya hadithi za kubuni za kisayansi na za ajabu inayoendeshwa na watu wa kujitolea tangu 1995. Sura yake ni kama daftari la mhasibu, lakini andika jina la hadithi utaona ilitoka lini, kwenye jarida gani, ikachapishwa tena wapi, na kama ilipata tuzo. Ukishajua hivyo unajua mlango wa kugonga.

Mlango wangu wa kwanza ni Project Gutenberg, maktaba ya mtandaoni inayotoa bure vitabu visivyo na hakimiliki. Watu wanadhani pale kuna vitabu vya karne ya 19 tu, na ni kweli utamkuta H. G. Wells na mashine yake ya wakati ya mwaka 1895. Lakini sheria ya Marekani ilikuwa inataka hakimiliki ya vitu vilivyochapishwa kabla ya 1964 ihuishwe baada ya miaka 28, na hadithi nyingi za majarida hazikuhuishwa. Ndiyo maana Gutenberg imejaa hadithi fupi za miaka ya 1940 na 1950 ambazo mtu hangetegemea kuzipata bure.

Mojawapo ndiyo ninayompa kila anayeniuliza aanzie wapi: "He Walked Around the Horses" ya H. Beam Piper, iliyotoka mwaka 1948. Kisa chenyewe kinaanzia kwenye jambo lililotokea kweli. Novemba 1809, mwanadiplomasia wa Uingereza aitwaye Benjamin Bathurst alisimama Perleberg, mji wa Prussia, wakati farasi wa gari lake wakibadilishwa. Hakuonekana tena. Piper anachukua kutoweka huko na kuuliza: je, kama alizunguka tu upande wa pili wa farasi akatokea kwenye dunia nyingine, ambayo waasi wa Amerika walishindwa, na mapinduzi ya Ufaransa hayakufanikiwa? Halafu anafanya jambo la busara sana: hasimulii. Anakupa jalada la barua na taarifa za maofisa, kila mmoja akimwandikia mwenzake kuhusu mwendawazimu huyu mwenye hati za serikali zisizoeleweka, zenye mihuri ya watu ambao katika dunia yao si chochote. Wewe msomaji ndiye pekee unayejua kwamba mwendawazimu anasema kweli. Mstari wa mwisho ni mzaha mmoja mdogo, na sitautoboa. Utausoma kwa mkao mmoja.

Nimekaa sana kwenye hadithi hiyo kwa sababu ndiyo kipimo changu kwa nyingine zote. Haikuhutubii. Historia mbadala mbaya utaijua mapema: ukurasa wa pili tu wahusika wawili wanaelezana mambo ambayo wote wanayajua, "kama unavyofahamu, tangu mfalme wetu ashinde vita vile…", mpaka mwandishi amalize maelezo yake. Nikikuta hivyo nafunga.

Kwa safari za wakati kipimo ni kingine: sheria. Je, msafiri anaweza kubadilisha yaliyopita, au kila anachofanya kilikuwa kimeshatokea, au anafungua tawi jipya la dunia na kuliacha lile la zamani likiendelea bila yeye? Zote tatu zinafaa. Isiyofaa ni ile inayobadilisha sheria katikati kwa sababu mhusika amebanwa. Naangalia pia gharama. Mtu anayerudi karne za nyuma akiwa na ujuzi wa leo, akatengeneza baruti na sabuni, na kila mtu akamshangilia, huyo hajasafiri, ametembelea maonyesho. Mark Twain alishaifanya kazi hii mwaka 1889 katika "A Connecticut Yankee in King Arthur's Court", kwa msimamizi wa kiwanda anayejikuta kwenye Uingereza ya Mfalme Arthur. Anajiokoa asichomwe moto kwa kukumbuka tarehe ya kupatwa kwa jua, anajenga viwanda, na mwisho wa ujuzi wake ni maiti zisizohesabika. Kitabu kipo Gutenberg. Ni kirefu na kuna mahali kinachosha, lakini hadithi nyingi za sasa za aina hiyo zinaiga sura zake za mwanzo na kusahau zile za mwisho.

Kama muonekano wa Gutenberg unakuchosha macho, Standard Ebooks inachukua vitabu vilevile na kuvipanga upya kwa uangalifu. Vichache zaidi, ila vinasomeka vizuri sana kwenye simu.

Hadithi mpya nazitafuta kwenye majarida ya mtandaoni: Clarkesworld, Strange Horizons, Lightspeed, na Reactor, ambayo zamani iliitwa Tor.com. Hapa unasoma bure kitu ambacho mhariri amekichagua na mwandishi amelipwa. Hilo lina uzito kuliko zamani. Februari 2023 Clarkesworld ililazimika kusimamisha kwa muda upokeaji wa hadithi kwa sababu ya mafuriko ya maandishi yaliyotungwa na akili mnemba. Mafuriko hayo wanapambana nayo wao. Kwingine unapambana nayo wewe mwenyewe.

Shida ya majarida ni kwamba hayajapangwa kwa ladha yangu. Njia ya mkato ni Tuzo ya Sidewise, inayotolewa kwa historia mbadala pekee tangu katikati ya miaka ya 1990, ikichukua jina lake kwenye hadithi ya Murray Leinster ya mwaka 1934. Ina kundi la kazi ndefu na kundi la kazi fupi. Nachukua orodha ya walioingia fainali katika kazi fupi, si washindi tu, natafuta kila jina pamoja na jina la jarida, na sehemu nzuri ya hizo inafunguka bila malipo. Nje ya tuzo hiyo, soma "A Dead Djinn in Cairo" ya P. Djèlí Clark, iliyotoka Tor.com mwaka 2016. Ni Kairo ya mwaka 1912, majini wamerudi duniani, Waingereza wametimuliwa, na mji ule ndio unaotazamwa na dunia. Mpelelezi anaingia kazini kama kawaida, na historia yote hiyo unaiokota njiani akiwa anafanya yake.

Hadithi za mfululizo ni ulimwengu mwingine. Royal Road, tovuti ambako waandishi huchapisha wenyewe sura kwa sura, ina lebo za safari za wakati na za mzunguko wa wakati, yaani mhusika anayeishi siku au mwezi uleule tena na tena. Iliyopendwa sana ni "Mother of Learning", ambayo mwanafunzi wa uchawi amenaswa kwenye mwezi mmoja unaojirudia. Ilianza 2011 ikakamilika 2020, kwa hiyo walioifuata tangu mwanzo walisubiri takriban miaka tisa. Wewe unaikuta nzima, na hii ndiyo sababu kichujio cha "Completed" ndicho cha kwanza ninachogusa. Ukiona neno "Stub" kwenye hadithi, ujue sura nyingi zimeondolewa, kwa kawaida kwa sababu mwandishi amezipeleka Kindle Unlimited, huduma ya Amazon ya kusoma kwa malipo ya kila mwezi, ambako masharti hayaruhusu nakala ileile ya kidijitali iwepo kwingine. Simlaumu, lakini ni vizuri kujua kabla hujazama. Kuhusu ubora, tegemea milima na mabonde. Hakuna mhariri, na mwandishi anayechapisha sura kila siku humwaga maneno mengi pasipo sababu.

Kuna pia programu za simu zinazouza sura kwa sarafu. Moja, ambayo sitaitaja, ilinipa sura za mwanzo bure, ikanifungia pale pale mhusika alipokaribia kugundua nani alimrudisha nyuma, kisha ikataka sarafu kwa kila sura fupi. Nilipopiga hesabu ya sura zilizobaki, gharama ilizidi ya riwaya kamili. Niliifuta, na mpaka leo sijui nani alimrudisha.

Archive of Our Own, hifadhi ya hadithi ambazo mashabiki huandika kutokana na visa vya wengine, ninaipendekeza hata kwa asiyezijali, kwa ajili ya mfumo wake wa lebo tu. Watu wa kujitolea wanaunganisha lebo zinazofanana maana, kwa hiyo ukichagua moja unapata na ndugu zake. Unaweza kuchagua hadithi zilizokamilika, kuweka kiwango cha maneno, na la maana zaidi, kuondoa usichokitaka. Kuna lebo maalumu ya mtu anayerudi nyuma kurekebisha makosa, na nyingine ya hadithi inayoachana na kisa cha asili mahali fulani, ambayo kimsingi ni historia mbadala ya dunia iliyobuniwa. Panga matokeo kwa idadi ya waliohifadhi badala ya waliopongeza: mtu hupongeza akipita, huhifadhi akikusudia kurudi. Unapakua EPUB, yaani faili la kitabu cha kidijitali, na kusoma bila mtandao.

Internet Archive, maktaba kubwa ya kidijitali, naitumia kwa jambo moja: kurasa zilizopigwa picha za majarida ya zamani kama Galaxy na If. Raha yake ni kuona hadithi pamoja na michoro na matangazo ya enzi zake. Karaha ni kwamba kwenye skrini ndogo unavuta kurasa huku na huku. Usitegemee sana upande wake wa kuazima vitabu vipya. Baada ya wachapishaji kushinda kesi mwaka 2023, vitabu zaidi ya laki tano viliondolewa kwenye kuazimwa, kwa hiyo viungo vingi vya zamani vitakuangusha.

Karibu yote niliyoyataja yako kwa Kiingereza, na Kiingereza cha Piper au Twain si chepesi. Kwa asiyependa kusoma sana kwenye skrini ipo LibriVox, ambako watu wa kujitolea husoma vitabu visivyo na hakimiliki kwa sauti, bure. Ubora unategemea msomaji uliyempata. Kitabu cha Wells kina usomaji zaidi ya mmoja, kwa hiyo sikiliza dakika chache za kila mmoja ndipo upakue.